Kupima mabonge ya vumbi angani: tuogope kosa linalochagua

Mwaka 2018 wanaastronomia wanaotumia darubini ya ALMA, iliyosimikwa kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, walichapisha hesabu ya mabonge zaidi ya 100 ya vumbi na gesi waliyoyakuta ndani ya wingu liitwalo W43-MM1, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 18,000 kutoka kwetu. Humo ndimo zinamozaliwa nyota kubwa. Waliyapima mabonge hayo, wakayapanga kuanzia mepesi hadi mazito, wakakuta mazito yamezidi kupita ilivyozoeleka kwenye mawingu ya jirani na Jua. Mradi mpana uliofuata, ALMA-IMF, umepitia mawingu 15 ya namna hiyo, na matokeo yake yamekuwa yakitoka kidogo kidogo. Habari hizi zinawafikia wasomaji kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza inashangilia: kanuni ya kuzaliwa kwa nyota, ambayo tuliambiwa ni ileile kila mahali, imevunjika. Ya pili inabeua: tungamo la bonge la vumbi, yaani kiasi cha maada iliyomo, lina shaka ya mara mbili, hata mara tatu, kwa hiyo namba hizo zisimsumbue mtu.

Naona sauti zote mbili zimepotoka, na zimepotokea mahali pamoja. Zote zinauliza kosa la kipimo ni kubwa kiasi gani, kisha moja inalipuuza na nyingine inalitumia kama rungu. Swali linaloamua mambo hapa ni lingine: je, kosa hilo linalipata bonge jepesi na bonge zito kwa kiwango kilekile, au linabadilika kadiri bonge linavyokuwa zito? Kosa kubwa lisilobagua linaweza kuacha hitimisho salama kabisa. Kosa dogo linalochagua linaweza kulipindua. Anayetaka kuyaelewa matokeo ya W43-MM1 na wenzake hana budi kuyapitia makosa moja baada ya jingine kwa kipimo hicho, na akifanya hivyo atakuta picha ambayo haimfurahishi sana mshangiliaji wala mbeuaji.

Tuanze na sababu ya kupima vumbi, wakati kinachotengeneza nyota ni gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni yenye atomi mbili mbili, na molekuli hiyo, kwa ulinganifu wake, haitoi mnururisho wa maana katika baridi ya kelvini 10 au 20 (zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi chini ya sifuri), ambayo ndiyo hali ya kawaida ya mawingu haya. Ipo tele lakini haionekani. Kwa muda mrefu kaboni monoksaidi ilitumika kama shahidi wa niaba, kwa sababu inang'aa vizuri kwenye mawimbi ya milimita. Tatizo ni kwamba pale hasa tunapotaka kupima, yaani kwenye kina cha bonge ambako msongamano ni mkubwa na baridi ni kali, kaboni monoksaidi huganda juu ya chembe za vumbi na kutoweka machoni. Wingu dogo la Barnard 68 limekuwa mfano maarufu wa jambo hili: katikati yake, ambako gesi ndiyo nzito zaidi, ishara ya kaboni monoksaidi hufifia badala ya kuongezeka. Vumbi haligandi likapotea. Linabaki palepale, linapashwa joto kidogo na mwanga wa nyota za mbali, na joto hilo hulirudisha angani kama mnururisho wa mawimbi marefu, kuanzia sehemu ya kumi ya milimita hadi milimita chache. Kwa kila gramu moja ya vumbi kuna takriban gramu 100 za gesi, kwa hiyo ukilipima vumbi umeipima gesi kwa mlango wa nyuma.

Hesabu yenyewe, ambayo R. H. Hildebrand aliipa sura inayotumika hadi sasa katika makala yake ya 1983, ni fupi. Chukua nguvu ya mnururisho iliyofika kwenye darubini. Izidishe kwa umbali wa wingu kipeo cha pili. Gawanya kwa uwezo wa kila gramu kunururisha kwenye wimbi hilo, halafu gawanya tena kwa mnururisho ambao kanuni ya Planck inatoa kwa halijoto ya vumbi. Jibu ni tungamo. Sharti ni kwamba bonge liwe linapenyeka kwenye wimbi hilo, yaani mnururisho wa chembe zilizo nyuma utufikie bila kumezwa na zilizo mbele. Kati ya vitu vyote hivyo, kilichopimwa moja kwa moja na darubini ni kimoja tu, nguvu ya mnururisho. Vingine vinaletwa kutoka nje.

Msisimko wote huu unatokana na mstari mmoja kwenye grafu. Mwaka 1955 Edwin Salpeter alionyesha kwamba kwa nyota za jirani na Jua, idadi hupungua kwa mpangilio kadiri tungamo linavyoongezeka. Tukizihesabu katika mafungu, kila fungu likiwa zito mara 10 kuliko lililotangulia, idadi inashuka kama mara 22 kwa kila hatua; kwa lugha ya grafu, mteremko ni 1.35. Mwaka 1998 Frédérique Motte, Philippe André na Roberto Neri waliyapima mabonge ya wingu la rho Ophiuchi kwenye wimbi la milimita 1.3 na kukuta mabonge yenyewe, kabla nyota hazijazaliwa, yanashuka kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka huohuo Leonardo Testi na Anneila Sargent walipata jambo la aina hiyo kwenye wingu la Serpens. Baadaye darubini ya Herschel, iliyorushwa Mei 2009 na kumaliza kazi Aprili 2013 ilipoishiwa heli ya kupozea, ikaipanua picha hiyo kwenye mawingu mengi ya jirani. Likazaliwa wazo kwamba tungamo la nyota huamuliwa mapema, katika hatua ya bonge, na kwamba mgawanyo wa mabonge, yaani ni mangapi mepesi na mangapi mazito, ndio mama wa mgawanyo wa nyota. W43-MM1 ilikuja kulitikisa wazo hili kwa mteremko wa 0.96. Kwa kipimo chetu cha mafungu, idadi inashuka mara 9 tu badala ya 22.

Sasa tumsikilize mbeuaji, kwa sababu hoja zake si za mzaha. Uwezo wa vumbi kunururisha unategemea ukubwa wa chembe, umbo lake na barafu inayozifunika, na hakuna aliyewahi kuleta kijiko cha vumbi la Ophiuchus kwenye maabara. Majedwali ya Volker Ossenkopf na Thomas Henning ya 1994, yanayotumika kuliko mengine kwa mabonge yenye msongamano, yenyewe yanatoa majibu tofauti kulingana na unavyodhani chembe zimegandamana kwa kiasi gani. Matokeo yake, kwenye wimbi la milimita 1.3 kundi la Motte la 1998 lilitumia sentimita za mraba 0.005 kwa gramu ya gesi na vumbi kwa mabonge yasiyo na nyota, wakati tafiti za ALMA-IMF zinatumia 0.01. Ukibadilisha chaguo hilo peke yake, tungamo zote zinabadilika mara mbili, na hakuna darubini iliyogeuzwa hata kidogo.

Umbali nao una visa vyake. Wingu la Aquila, mojawapo ya yale ambayo Herschel ilianzia kazi, lilihesabiwa kwa umbali wa parseki 260 (parseki moja ni kama miaka ya nuru 3.26). Vipimo vya redio vya mtandao wa antena wa VLBA, vilivyofuatilia mabadiliko madogo ya mahali pa nyota changa Dunia inapolizunguka Jua, vilikuja kuonyesha kwamba sehemu ile iko kama parseki 436. Kwa kuwa umbali unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, kila tungamo linapaswa kuzidishwa kwa 2.8. Zoezi zima la kipimo lilikuwa sahihi, kamera ilikuwa sahihi, na bado namba ilikuwa karibu theluthi ya inavyotakiwa kuwa.

Mbeuaji akifika hapa hufunga kitabu. Na hapa ndipo hoja yake inapokuwa dhaifu, kwa sababu hajauliza makosa hayo yanafanya nini kwenye grafu. Mizani iliyoharibika ikazidisha kila kitu kwa 2.8 itakudanganya kuhusu uzito wa kila mzigo, lakini haitakudanganya hata kidogo kuhusu mzigo upi ni mzito kuliko upi, wala kwa mara ngapi. Mabonge yote ya wingu moja yako karibu umbali uleule, kwa hiyo kosa la umbali linausogeza mgawanyo mzima upande mmoja bila kuugusa mteremko. Uwezo wa vumbi ukiwa mmoja kwa wingu zima, na uwiano wa gesi na vumbi nao vilevile, mambo ni hayohayo. Hata makosa ya kubahatisha, yanayolipandisha bonge hili na kulishusha lile bila mpangilio, hayaharibu kitu kama mbeuaji anavyodhani: mgawanyo unaoshuka kwa mteremko mmoja, ukivurugwa na makosa ya uwiano ambayo hayajali tungamo, hubaki na mteremko uleule. Unanenepa na kusogea tu. Kwa hiyo kusema «shaka ni mara tatu, basi mteremko hauna maana» ni kuruka hatua nzima ya hoja.

Nisimwonee, lakini. Yapo maswali ambayo kosa lisilobagua linayaua kabisa. Ukitaka kujua kama bonge litajiporomokea na kuzaa nyota au litatawanyika, unalinganisha tungamo lake na tungamo ambalo shinikizo na mwendo wa gesi vinaweza kulizuia, na kiwango hicho cha pili hukua sambamba na umbali, si na kipeo chake cha pili. Aquila ikisogezwa kutoka parseki 260 hadi 436, kila bonge linakuwa limefungwa na mvutano wake mara 1.7 zaidi ya ilivyodhaniwa, na baadhi ya yaliyoandikwa kuwa ya kupita yanageuka kuwa wazazi watarajiwa. Vilevile Herschel ilipotoa makadirio kwamba takriban asilimia 40 ya tungamo la bonge huishia kuwa nyota, namba hiyo ilitokana na kulinganisha kilele cha mgawanyo wa mabonge na kilele cha mgawanyo wa nyota. Ukizidisha tu tungamo za mabonge kwa 2.8, asilimia 40 inageuka 14. Kwa kweli kuzidisha tu hakutoshi, kwa sababu wingu likiwa mbali zaidi mabonge mawili huonekana moja, lakini ukubwa wa mabadiliko unaonekana. Kwa hiyo hadhari ina mahali pake. Mahali hapo ni kwenye asilimia za ufanisi na kwenye hesabu za mporomoko, na mjadala wa W43-MM1 haukuwa juu ya hayo.

Tukija kwenye halijoto, hali inageuka. Kwenye wimbi la milimita 1.3, bonge linalodhaniwa lina kelvini 10 litahesabiwa kuwa zito mara 2.7 kuliko likidhaniwa lina kelvini 20, kwa mnururisho uleule. Kwenye wimbi fupi la milimita 0.25, ambalo Herschel ililitumia sana, tofauti inaruka hadi mara 19. Na halijoto haigawiwi sawasawa kwa mabonge kama umbali. Inafuata historia ya kila bonge, na historia hiyo imefungamana na tungamo lenyewe. Hili ndilo kosa linalochagua.

Tena linachagua kwa pande mbili zinazopingana. Kwenye wingu tulivu, bonge ambalo bado halina nyota hupashwa joto kutoka nje, na kadiri linavyokuwa zito na kushikamana ndivyo kiini chake kinavyojificha na mwanga. L1544, katika wingu la Taurus, ina ngozi yenye kelvini zaidi ya 10 na kiini kinachoshuka hadi kama 6 au 7. Ukichanganya mnururisho wote na kutafuta halijoto moja inayoueleza, ngozi yenye joto itasikika kuliko kiini, halijoto utakayopata itakuwa juu kuliko ya vumbi lililo jingi, na tungamo litatoka pungufu. Upungufu huo ni mkubwa zaidi kwa mabonge mazito. Kwenye wingu kama W43-MM1 mambo ni kinyume: bonge zito mara nyingi limekwisha kuwasha nyota changa ndani yake, linajipasha lenyewe, na likihesabiwa kwa halijoto ya mazingira yake litatoka zito kupita kiasi. Maana yake ni kwamba mteremko wa mawingu ya jirani una kishawishi cha kuonekana mkali kuliko ulivyo, na wa mawingu makubwa una kishawishi cha kuonekana umelala. Tofauti tunayoishangilia inaweza kuwa imetiwa chumvi kutoka pande zote mbili.

Imetiwa chumvi kiasi gani? Hapa hesabu ya karatasini inatosha, na ninashangaa kwamba haifanywi mara nyingi kwenye mijadala hii. Tuseme mteremko wa kweli wa W43-MM1 ni ule wa Salpeter, 1.35, na kosa pekee ndilo limeulaza hadi 0.96. Mabonge yake yanaanzia tungamo kama la Jua na kufika karibu mara 100 ya hilo. Ili kosa lifanye kazi hiyo yote, lazima likue taratibu kutoka bonge jepesi hadi zito na kufika mara 3.8 mwishoni. Kwa wimbi la milimita 1.3 hiyo ni sawa na kusema mabonge yote yalihesabiwa kwa kelvini 20, huku yale mazito kabisa yakiwa na kelvini kama 60. Watafiti hawakufanya hivyo. Waliyapa mabonge yenye nyota kali halijoto za juu zaidi kuliko mengine, kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa hili imekwisha kutolewa. Tuwe wakali tuseme limebaki kosa la mara mbili kwenye ncha nzito. Mteremko wa kweli unatoka 1.13, yaani idadi inashuka mara 13 kwa kila hatua. Bado si 22. Halijoto peke yake inaweza kula zaidi ya theluthi moja ya tofauti, lakini haiwezi kuimeza yote bila kudhani watafiti walikosea kwa kiwango ambacho hakuna dalili yake.

Mshangiliaji asifurahi mapema, maana halijoto haiko peke yake. Bonge la Aquila na bonge la W43-MM1 havionekani kwa ukali mmoja. ALMA inayafikia mabonge ya W43 kwa ukubwa wa kama mara 2,000 ya umbali wa Dunia na Jua, na ndani ya nafasi hiyo kunaweza kuwa na familia nzima ya nyota changa. Mabonge madogo mawili yaliyo karibu yakihesabiwa kuwa moja, umepoteza mepesi mawili na kupata zito moja, mteremko unalala. Mabonge mepesi yaliyo kwenye mandharinyuma yenye mng'ao mkali hayahesabiwi kabisa. Mteremko unalala tena. Mahali ambapo nyota kubwa zimekwisha kuionisha gesi, yaani kuzing'oa elektroni za atomi zake, gesi hiyo nayo hutoa mnururisho kwenye milimita, na usipouondoa unahesabiwa kuwa vumbi. Upande mwingine wa mizani, mabonge mazito kabisa hayapenyeki vizuri hata kwenye milimita 1.3, sehemu ya vumbi lake haionekani, na tungamo linatoka pungufu. Kulisahihisha hilo kunaulaza mteremko zaidi, kwa faida ya mshangiliaji. Kila kosa kati ya haya linachagua, na hayachagui upande mmoja.

Kuna pia suala la bonge linaishia wapi. Wingu halina mipaka iliyochorwa. Mipaka inachorwa na programu. Jaime Pineda, Erik Rosolowsky na Alyssa Goodman walionyesha mwaka 2009 kwamba programu iliyokuwa ikitumika sana kwa kazi hiyo, Clumpfind, inaweza kutoa mgawanyo tofauti wa tungamo kutoka kwenye ramani ileile kwa kubadilisha kigezo kimoja tu. Mtu akilinganisha mteremko wa makala moja na wa nyingine bila kuangalia mabonge yalikatwaje, analinganisha mikasi.

Hoja dhaifu kuliko zote ya washangiliaji, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya wingi: kwamba ukipima mabonge mengi vya kutosha, kwenye mawingu 15, makosa yanafutana yenyewe. Makosa ya kubahatisha yanafutana, naam. Kosa linalochagua halifutani hata ukipima mabonge milioni, kwa sababu kila bonge zito linasukumwa upande uleule. Wingi unachofanya ni kupunguza alama ya shaka iliyoandikwa pembeni ya mteremko, na hivyo kumpa msomaji uhakika asiostahili kuwa nao. Mteremko wa 0.96 ulichapishwa na shaka ya 0.02, ambayo ni shaka ya kulinganisha mstari na nukta. Nimetoka kuonyesha kwamba halijoto pekee inaweza kuusogeza kwa 0.17, zaidi ya mara nane ya hiyo. Shaka hizo mbili hazipaswi kuandikwa kwa mwandiko mmoja.

Kwa upande wa mawingu ya jirani tuna bahati ya shahidi asiyejali halijoto. João Alves, Marco Lombardi na Charles Lada mwaka 2007 waliyapima mabonge ya wingu la Pipe kwa kuangalia jinsi vumbi lake linavyofifisha na kuwekundisha nyota zilizo nyuma, bila kutumia mnururisho wa vumbi hata chembe. Walipata umbo linalofanana na la mgawanyo wa nyota, likiwa limesogea kwa takriban mara 3 kuelekea uzito. Njia hiyo ina kasoro zake, lakini kasoro zake si zile za halijoto, na kwa hiyo makubaliano ya njia mbili yana uzito kuliko makubaliano ya tafiti kumi zinazotumia njia moja. Kwa W43 shahidi huyo hayupo. Vumbi lake ni zito mno, na nyota za nyuma hazipenyi. Ndiyo sababu ninaamini mteremko wa mawingu ya jirani kuliko ninavyoamini wa mawingu makubwa, ingawa yale makubwa yamepimwa na darubini kali zaidi.

Na hata mabonge yangepimwa bila kosa lolote, bado safari kutoka bonge hadi nyota haijanyooka. Paul Clark, Ralf Klessen na Ian Bonnell walikumbusha mwaka 2007 kwamba picha ya wingu ni ya siku moja. Kama mabonge mazito yanaishi muda mrefu kuliko mepesi kabla ya kuporomoka, yataonekana mengi kwenye picha kuliko idadi yanayozaliwa, na mengine yataendelea kumeza gesi au kupasuka vipande. Kwa hiyo hata mteremko uliolala ungethibitishwa kesho, hatua ya kusema kwamba nyota za W43 zitakuwa na mgawanyo tofauti na wa jirani ingebaki kuwa dhana ya pili, inayohitaji ushahidi wake.

Yote haya yana maana zaidi ya W43. Nyota nzito ndizo zinazotengeneza na kutawanya sehemu kubwa ya oksijeni, na ndizo zinazotawala mwanga wa galaksi changa. Anayekadiria tungamo la galaksi ya mbali kutokana na mwanga wake anadhani mgawanyo fulani wa nyota, na mgawanyo ukilala, mwanga uleule unahitaji nyota chache zaidi. Ndiyo maana nisingependa namba ya 0.96 ibebwe kutoka kwenye mawingu machache na kupandikizwa kwenye mifano ya galaksi kabla haijachujwa. Nisingependa pia itupwe kwa kisingizio cha uwezo wa vumbi, jambo ambalo halihusiki na mteremko isipokuwa mtu aonyeshe kwamba chembe za mabonge mazito ni tofauti na za mepesi. Huo, kusema kweli, ndio mlango pekee ambao mbeuaji angeweza kurudi nao kwa heshima: vumbi hugandamana zaidi kwenye msongamano mkubwa, na likigandamana hunururisha zaidi kwa kila gramu, kwa hiyo uwezo wa vumbi nao unaweza kuwa mchaguzi. Akija na vipimo vya hilo, nitamsikiliza.

Kazi inayotakiwa inajulikana. Kila bonge lipewe halijoto iliyopimwa kwa njia isiyotegemea vumbi: amonia kwa mabonge baridi, kama darubini ya Green Bank nchini Marekani ilivyofanya kwenye mawingu ya jirani, na molekuli za metili sianidi kwa yale yenye moto. Mabonge mazito yahesabiwe kwenye milimita 3, ambako yanapenyeka zaidi, baada ya kuondoa mng'ao wa gesi iliyoionika. Mawingu ya jirani yafifishwe kwenye kompyuta hadi yaonekane kana kwamba yako umbali wa W43, kisha yakatwe kwa programu ileile na kuhesabiwa upya, ili tujue ni kiasi gani cha mlalo kinatokana na macho yetu. Baada ya hapo, kama mteremko wa mawingu makubwa bado utakuwa chini ya 1.13 na wa mawingu ya jirani yaliyofifishwa utakuwa umebaki karibu na 1.35, nitakubali kwamba mabonge mazito ni mengi kweli kule. Ukitoka kati ya hizo mbili, jibu litategemea ni kosa lipi limebaki bila kupimwa, na watafiti watapaswa kulitaja kwa jina kwenye jedwali lilelile lenye mteremko.